UZI: Injini ya mvuke Na. 488 ya mwaka 1885, na ekseli ya nyuma iliyoiokoa

Mwanareli
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa injini moja tu: Na. 488, iliyoundwa 1885 na Neilson & Co. mjini Glasgow, ambayo sasa iko Bluebell Railway, Sussex, kusini mwa Uingereza. Za aina yake zilijengwa 71 kati ya 1882 na 1885. Imebaki hii peke yake.

Wanaoandika habari zake wengi huishia kwenye rangi ya kijani na dohani lake refu. Swali lenyewe wanaliruka: ilikuwaje injini iliyoundwa kuvuta treni za wafanyakazi wa jijini London ikaja kutawala kijitawi cha kilomita 11 cha mashambani, na kila injini iliyoletwa kuiondoa ikashindwa?

Kwanza vipimo. Ni 4-4-2T, yaani magurudumu manne madogo mbele kwenye bogi (kitoroli kidogo kinachogeuka), manne makubwa ya kuendeshea, mawili nyuma chini ya kibanda na bohari la makaa, na matangi ya maji yako juu ya injini yenyewe badala ya kuvutwa kwenye tenda, yaani behewa la maji na makaa. Magurudumu makubwa yana kipenyo cha futi 5 na inchi 7 (milimita 1,702). Silinda mbili ziko nje, inchi 17.5 kwa 24. Presha ya boila ni pauni 160 kwa inchi ya mraba, kama baa 11. Nguvu ya kuvuta ni pauni 14,920 hivi, sawa na tani 6.8. Uzito wake ikiwa tayari kwa kazi ni karibu tani 55.

Aliyezichora ni William Adams, mkuu wa injini wa London & South Western Railway. Kazi yake ilikuwa kutoka stesheni ya Waterloo, London, kwenda vitongojini: mwendo wa kasi, vituo vingi, reli nzuri. Ndiyo maana magurudumu ni makubwa hivyo. Mtu akikaa leo kuchora injini ya mlima hawezi kuchagua gurudumu la futi 5 na inchi 7.

Baadaye zikaja injini mpya za M7, na kuanzia 1915 umeme ukaingia vitongojini. Hizi za Adams zikaanza kukatwa vyuma. Mwisho wa miaka ya 1920 zilibaki mbili tu mikononi mwa Southern Railway (kampuni iliyorithi ile ya South Western), namba 125 na 520, na zote mbili zilibakizwa kwa sababu ya tawi moja la kusini magharibi mwa Uingereza: Axminster hadi Lyme Regis.

Kumbukeni 488 haikuwa mojawapo ya hizo mbili. Ilikuwa imeshauzwa zamani. Hapo ndipo kisa chake kinaponoga.

Kijana_wa_Stesheni
Mkuu, kabla hujafika huko, hilo tawi lilikuwa na ugumu gani hasa? Kilomita 11 si kitu.

Mwanareli
Urefu si tatizo, tatizo ni namna lilivyojengwa. Lilifunguliwa tarehe 24 Agosti 1903 chini ya sheria ya reli nyepesi ya 1896. Sheria ile iliruhusu kujenga kwa gharama ndogo, na gharama ndogo maana yake usikate mlima, uzunguke. Kwa hiyo reli inapanda kutoka Axminster kwa mwinuko wa 1 kwa 40 (mita 1 juu kwa kila mita 40), inafika kileleni karibu na Combpyne, kisha inateremka tena kwa 1 kwa 40 kuelekea Lyme Regis. Kote huko inajikunja, na kona kali zaidi zina nusu kipenyo cha mita 181 hadi 201. Kwa reli ya upana wa kawaida wa milimita 1,435 hizo ni kona mbaya sana. Mwendo wa juu ulioruhusiwa ni maili 25 kwa saa.

Kwa hiyo tuna vitu vitatu kwa mpigo: mlima, kona, na reli nyepesi isiyobeba uzito. Kila injini waliyoijaribu ilishindwa angalau kimoja.

1903 walianza na vijiinjini viwili vya Terrier vilivyonunuliwa kwa jirani zao wa reli ya Brighton, vikapewa namba 734 na 735. Vyepesi, tani 28 hivi, reli ilivibeba bila shida. Lakini majira ya joto abiria wa kwenda pwani walipofurika, nguvu haikutosha. Zikaletwa O2, za mpangilio wa 0-4-4T. Nguvu zilikuwa nayo, ila zilikuwa nzito mno kwa reli ile, ikabidi zitembee na matangi ambayo hayakujazwa. Na kwenye kona zililiwa vibaya flenji, yaani ukingo wa gurudumu unaolizuia lisitoke relini. Za Adams zilifika 1913 na zikakaa hadi 1961.

FundiBogi
Naomba nidake hapo kwenye flenji, maana ndiyo roho ya mada.

Injini ya 0-4-4T ikitangulia kwa dohani, gurudumu la kwanza kukutana na kona ni gurudumu la kuendeshea. Hilo limefungwa kwenye fremu na haliwezi kwenda pembeni zaidi ya milimita chache. Kwa hiyo flenji yake ndiyo inayoisukuma injini nzima igeuke. Matokeo yake flenji inaliwa, upande wa ndani wa kichwa cha reli unaliwa, na mataruma yanasukumwa kutoka mahali pake. Walijaribu pia injini za D1 za 0-4-2T, na tatizo ni lilelile.

Sasa tazameni 4-4-2T. Mbele kuna bogi, nyuma kuna ekseli inayojongea. Ikienda mbele inaongozwa, ikirudi nyuma inaongozwa pia, na ncha ya tawi la namna hii haina sahani ya kugeuzia injini, kwa hiyo nusu ya safari zote ni za kurudi kinyumenyume. Jambo hilo peke yake lilitosha kuwaondoa washindani wengi.

Kwa hesabu: kutoka gurudumu la kwanza hadi la mwisho injini hii ina karibu mita 9. Weka rula iliyonyooka ya mita 9 juu ya kona ya nusu kipenyo cha mita 181. Katikati ya rula utakuta mwachano wa sentimita 5.6 kutoka kwenye reli (9 mara 9, gawa kwa 8 mara 181). Fremu ya injini ndiyo rula hiyo. Lazima sentimita hizo zipatikane mahali fulani, na kwa 488 zinapatikana kwenye bogi na kwenye ekseli ya nyuma.

Kijana_wa_Stesheni
Ekseli ya nyuma inajongeaje bila kuwa na bogi? Haina pini ya kuzungukia?

FundiBogi
Haina pini. Kwenye ekseli ya kawaida, sanduku la beringi linapanda na kushuka kati ya miongozo miwili iliyonyooka. Kwenye hii, nyuso za sanduku na za miongozo yake zimekatwa kwa upinde, kama vipande vya duara kubwa ambalo kitovu chake kiko mbele zaidi, kwenye mstari wa katikati ya injini. Injini ikiingia kona, ekseli inasukumwa pembeni, na kwa kuwa inateleza kwenye upinde, inageuka yenyewe kuelekea kitovu cha kona. Kona ikiisha, springi za pembeni zinairudisha katikati.

Hapa watu huwachanganya kina Adams wawili. Sanduku hili la upinde alilibuni William Bridges Adams, likatumika kwanza kwenye injini White Raven ya reli ya St Helens mwaka 1863. William Adams wa South Western ni mtu mwingine kabisa, na yeye alijulikana kwa bogi ya mbele yenye kujongea pembeni kwa kudhibitiwa na springi. Injini ya 488 ina ubunifu wa wote wawili, mmoja kila upande.

Kinachoharibika kwenye ekseli hii ni hivi. Springi za pembeni zikilegea, ekseli inakosa wa kuirudisha, na injini ikifika sehemu iliyonyooka inaanza kutikisa mkia huku na huku. Uchafu na oili iliyoganda vikijaa kwenye nyuso za upinde, ekseli inakwama, na hapo flenji ya nyuma inaanza kuliwa upande mmoja kuliko mwingine. Ukiona tofauti hiyo usikimbilie kuchonga tairi, fungua sanduku kwanza. Na nyuso zenyewe zikilika kupita kiasi utasikia mlio wa kugonga kila injini inapoingia kona. Dawa yake ni kujaza chuma na kuchonga upya kwa upinde uleule. Ukichonga upinde wa nusu kipenyo tofauti, ekseli haitaelekea kitovu, itakuwa inapinda kwa namna yake na kusugua reli muda wote.

MizaniSawa
Nimependa hiyo hesabu ya rula. Na mimi naleta ya mlima.

Kwenye mwinuko wa 1 kwa 40, kila tani inahitaji kilo 25 za nguvu kuipandisha tu. Ongeza kilo 5 za msuguano wa magurudumu, na kilo 5 nyingine za kona ya mita 181. Jumla kilo 35 kwa tani.

Mabehewa mawili ya tani 30 kila moja na injini ya tani 55, jumla tani 115. Mara 35 unapata kilo 4,025, yaani tani 4 hivi. Injini ina uwezo wa tani 6.8, kwa hiyo inapanda na akiba inabaki.

Weka mabehewa manne. Jumla tani 175, mara 35 ni kilo 6,125. Kwenye karatasi bado inapita, lakini ule uwezo wa 6.8 ni wa kuanzia kuondoka, presha ikiwa kamili. Mwendo ukipanda nguvu inashuka. Tena reli ikiwa na unyevu wa ukungu wa baharini, magurudumu manne tu ya kuendeshea yataserereka kabla nguvu haijaisha. Ndiyo maana Jumamosi za majira ya joto, yalipokuja mabehewa ya moja kwa moja kutoka Waterloo, walifunga injini mbili za Adams mbele ya treni moja.

Bibi_Makaa
Kuna hatari nyingine kwenye 1 kwa 40 ambayo haijatajwa: maji ndani ya boila.

Chukua boila ya urefu wa mita 5 toka bamba la mbele hadi nyuma ya kisanduku cha moto. Iinamishe kwa 1 kwa 40, ncha moja inakuwa chini ya nyingine kwa sentimita 12.5. Kioo cha maji kiko kibandani, nyuma. Injini ikipanda dohani likiwa mbele, maji yanalala nyuma na kioo kinaonyesha mengi kuliko yaliyopo. Ikivuka kilele na kuanza kuteremka, maji yote yanakimbilia mbele, na paa la kisanduku cha moto, ambalo ni shaba, linaweza kubaki wazi juu ya moto mkali. Tena dereva anapofunga mvuke kileleni, maji yaliyokuwa yamevimba kwa kuchemka yanatulia na kushuka zaidi. Mambo mawili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kioo kisomwe kwa kuzingatia injini imeinamia wapi. Mtia makaa awashe injekta (kifaa cha kusukuma maji ndani ya boila) mapema, akiwa bado anapanda, ili afike kileleni na maji ya kutosha. Asipofanya hivyo, plagi ya madini laini ya risasi iliyoko kwenye paa la kisanduku inayeyuka na mvuke unamwagika motoni. Plagi imefanya kazi yake, lakini safari imekwisha na moto lazima uondolewe.

Akizidisha maji nako ni balaa. Maji yanafuatana na mvuke hadi kwenye silinda, na maji hayabanwi. Pistoni ikiyakuta inavunja kifuniko cha silinda au kupinda fito za kuendeshea. Ukisikia dohani linakohoa maji, punguza mvuke mara moja na ufungue vikoki vya silinda.

Kwa tawi lenye kilele katikati na miinuko pande zote mbili, hili linajirudia kila safari, mara kadhaa kwa siku.

Mwanareli
Shukrani Bibi_Makaa. Nirudi kwenye historia ya 488.

Mwaka 1917, katikati ya vita, South Western waliiuza kwa Wizara ya Silaha, ikapelekwa kufanya kazi bohari la Ridham, karibu na Sittingbourne, Kent. 1919 ikauzwa tena kwa East Kent Light Railway, reli ndogo ya Kanali Holman F. Stephens iliyohudumia machimbo ya makaa ya Tilmanstone. Huko ikawa Na. 5. Kwa hiyo wakati wenzake 60 na kitu wanakatwa vyuma na kampuni iliyozimiliki, hii ilikuwa mbali, kwenye reli maskini isiyotupa kitu.

Vita vya pili vilipokwisha, zile mbili za Lyme Regis zilikuwa zimechoka. Southern Railway hawakuwa na badala. Wakakumbuka kwamba Kent kuna ya tatu imeegeshwa. Machi 1946 wakainunua na kuipeleka karakana ya Eastleigh ikafumuliwa na kuundwa upya. Ikatoka na namba 3488, na reli zilipotaifishwa 1948 ikawa 30583. Mwenzake 125 akawa 30582, na 520 akawa 30584.

Tazameni sura ya biashara hiyo. Kampuni kubwa yenye mamia ya injini inarudi kununua kikongwe cha miaka 61 kwa sababu hakuna kingine kinachopita kwenye zile kona.

1958 wakuu wa reli walijaribu injini ya aina ya 14xx, 0-4-2T. Haikufaa. Kilichoziondoa za Adams mwishoni hakikuwa injini bora, ilikuwa ni kazi ya reli: kona kali zaidi zililegezwa, na ndipo injini za Ivatt za 2-6-2T zikaweza kupita, zikashika tawi lote 1961. Julai mwaka huo 30583 ikaondolewa kazini na kununuliwa na Bluebell Railway, ambayo ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu ifunguliwe Agosti 1960. Zile nyingine mbili zilikatwa. Tawi lenyewe lilifungwa tarehe 29 Novemba 1965.

Tabora_Junction
Mwanareli, niunganishe na kwetu kidogo. Neilson waliojenga 488, pamoja na Dübs waliojenga 520, waliungana 1903 na Sharp Stewart wakawa North British Locomotive Company. Hao ndio walioziunda zile injini za East African Railways zilizopewa majina ya makabila yetu, za darasa la 29 na la 30. Na Beyer Peacock, waliojenga za kwanza kabisa kati ya hizi 71, ndio waliotuletea injini za Garratt za darasa la 59. Kwa hiyo anayetaka kuona mkono wa mafundi hawahawa si lazima apande ndege, makumbusho ya reli Nairobi yanatosha kuanzia.

Dada_Daraja
Naongezea daraja la Cannington la tawi hilo, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini uzito ulikuwa suala. Ni la zege tupu, matao 10, urefu mita 186, kimo mita 28. Saruji na vifaa vililetwa kwa meli hadi gati la Lyme Regis na kupandishwa kwa waya wa angani. Wakati wa ujenzi upande wa magharibi ulititia, na tao la tatu likalazimika kujengewa tegemeo la ndani kulikaza. Ukilitazama kwa mbali, tao hilo linaonekana limezibwa kwa vijitao vidogo, na ukifuata mstari wa juu unaona umebonyea. Lilibeba treni hivyohivyo kwa miaka 62 na bado limesimama.

Jengo la stesheni ya Lyme Regis nalo halikupotea. Lilifumuliwa na kujengwa upya Alresford, kwenye reli ya Watercress, Hampshire.

Kijana_wa_Stesheni
Swali la mwisho. Kwa nini 488 haitembei leo?

Bibi_Makaa
Ilitembea Bluebell kwa vipindi. Moto wake wa mwisho ulikuwa 1990, kibali cha boila kilipoisha. Uingereza utaratibu uliozoeleka ni miaka 10 kwa boila iliyokarabatiwa, pamoja na ukaguzi wa kila mwaka. Muda ukiisha, boila inatolewa kwenye fremu, mabomba yote ya moto yanang'olewa, na mkaguzi anaingia kuangalia.

Kwa injini ya umri huu vinaangaliwa hivi. Kisanduku cha shaba: unene wa bamba unapimwa hasa kuzunguka vichwa vya steki (fito fupi zinazoshika kuta za kisanduku), kwa kuwa steki zinazovuja hula shaba taratibu. Pembe za chini za kisanduku, ambako tope la chokaa hukaa na kuzuia maji yasifike kwenye bamba. Bamba la mabomba upande wa moto, nafasi kati ya tundu na tundu hupasuka. Kisha fremu: nyufa huanzia kwenye pembe za nafasi ya masanduku ya ekseli, na nyuma ya silinda kwenye boliti. Silinda zenyewe, zikishachongwa mara nyingi ukuta unakuwa mwembamba, na kumwaga mpya kunahitaji kuchonga modeli ya mbao kwanza, kazi ya gharama kubwa.

FundiBogi
Na tairi. Magurudumu yana tairi za chuma zilizopashwa moto na kuvishwa. Zikifika unene wa chini haziongezewi, zinavuliwa na kuagizwa mpya kiwandani. Kwa 488 ni seti tatu za vipimo, bogi, kuendeshea na nyuma, na hakuna injini nyingine ya aina yake ya kuazimana vipuri.

Bibi_Makaa
Ikija kuwashwa, iwashwe polepole. Maji nusu ya kioo au zaidi kidogo, breki ya mkono imekazwa, mvuke umefungwa, vikoki vya silinda wazi, gia katikati. Anza na kuni, si makaa. Usiharakishe chini ya saa 6, na kama imekaa baridi muda mrefu ipashwe kwa moto mdogo siku moja kabla. Shaba inatanuka kuliko chuma, na ukiiwahisha, steki na mabomba ndivyo vinavyoanza kuvuja. Wakati wa kuosha boila pia iachwe ipoe yenyewe. Maji baridi kwenye boila ya moto yameua visanduku vingi kuliko miaka ya kazi.